Niliolewa na kijana aliyekwisha kuzikwa ili shamba lisipotee: yaliyonipata Manga miaka ya tisini

Salamu kwenu wakuu, na dada zangu mnaosoma humu kimya kimya bila kuacha hata alama.

Wiki iliyopita kulikuwa na uzi wa kijana wa Nairobi aliyefunga ndoa ya makaratasi ili apate kwenda nje. Mkacheka sana. Mkasema ndoa za mpango zimeletwa na vijana wa siku hizi. Mimi nilisoma comments zote mpaka uji wangu ukapoa.

Ndoa ya mpango naijua kabla huyo kijana hajazaliwa.

Niliolewa mwaka wa tisini na mbili, huko Manga, Nyamira, na mwanamume aliyekuwa ameshazikwa. Mahari ilitolewa, wazee walikula wakashiba, na bwana harusi alikuwa amelala chini ya migomba nyuma ya nyumba ya mama yake.

Naandika ukweli mtupu. Majina nimegeuza, maana wengine wako hai na wana simu zenye bundle. Na wale wa kusema "hii ni chai", mimi chai ninayoijua ni ya kuchuma, muulizeni mgongo wangu.

Twende.

Mimi nilizaliwa upande wa Nyakoe, si mbali na Kisii mjini. Mama aliuza ndizi sokoni. Baba alikuwa mtu wa pombe na ngumi, kwa hiyo nilipofika umri wa kuolewa sikuwa na hamu yoyote ya mume. Wasichana wenzangu walikuwa wanaota harusi, mimi naota chumba changu chenye kufuli.

Baada ya form four nilipata kazi kwenye duka la vitambaa Kisii mjini. Duka lilikuwa la familia ya Wahindi, na aliyelisimamia ni mama mmoja mzee tuliyemwita Mama Hansa. Nilikuwa napima vitambaa na kukunja. Kazi nzuri, hakuna mtu anakupiga.

Sasa wasio Wakisii nisikilizeni hapa, maana bila hili hamtaelewa kitu.

Kwetu msichana anaunganishwa na kaka yake. Ng'ombe wa mahari yako ndio kaka yako atakaoolea mke. Wakija wakatoka, ni kama wamepitia tu kwenye zizi la baba yako.

Kaka yangu anaitwa Ombati. Alikuwa ameshamleta msichana nyumbani, Moraa, na Moraa alikuwa na mimba kubwa. Baba yake Moraa akatuma neno kwamba asipoona ng'ombe anakuja kumchukua binti yake pamoja na kilicho tumboni.

Basi nyumbani kila mtu akageuka kunitazama mimi. Nikipita uani mama ananiangalia vile alivyokuwa anaangalia mkungu wa ndizi, kama umekomaa.

Ombati hakunisukuma, niseme haki yake. Alikuwa ananikwepa kwa aibu. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi, kwa sababu kaka yangu nilimpenda.

Hapo ndipo Bosibori alipoingia dukani.

Bosibori alikuwa mjane wa Manga, mke wa pili. Mwembamba, mrefu, anaongea kidogo. Alinunua kipande cha kitambaa cha kushonea mto, akakaa anakigeuza huku ananiangalia mimi. Siku nyingine akarudi. Siku ya tatu akanialika tutoke nje tukae kwenye ngazi za duka.

Akaniambia mambo yake bila kuzunguka. (Tuliongea Kikisii, mimi nawaandikia kwa Kiswahili.)

Alikuwa na mabinti, wote wameolewa. Alikuwa na mvulana mmoja tu, Onchari. Alishatahiriwa, yuko sekondari, akasombwa na mto akitoka shule wakati wa mvua. Mume naye akafuata. Sasa nyumba yake haikuwa na mtoto wa kiume, na shamba lote la upande wake, majani chai, migomba, mpaka ile miti ya mteremkoni, lingeenda kwa wavulana wa mke wa kwanza.

"Mila inaniruhusu nimwolee mwanangu," akasema. "Hata kama hayupo. Mke akija, watoto atakaozaa ni wa Onchari, na shamba ni lao."

Nikamuuliza, "Na mimi nitakuwa na mume gani?"

Akasema, "Mimi sikuletei mume, mama. Nakuletea shamba. Ng'ombe ninazo, ziko kwa zizi zinakula nyasi bure."

Wakuu, nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa mama aliyechanganyikiwa na msiba.

Lakini nilipolala nikapiga hesabu zangu. Ombati anapata ng'ombe. Mtoto wa Moraa anazaliwa kwetu. Mimi napata nyumba isiyo na mwanamume wa kunipiga. Mpaka asubuhi nilikuwa naona huyu mama ndiye aliyetumwa na Mungu.

Mama Hansa nilipomwambia naacha kazi, akaniuliza bwana harusi anafanya kazi gani. Nikamwambia ukweli. Akanikatia kipande cha hariri ya rangi ya machungwa, akasema, "Chukua. Harusi ni harusi." Yule mama sikumsahau.

Ng'ombe walitoka Manga wakafika kwetu, na kabla mwezi haujaisha wakaenda kwa baba yake Moraa. Ombati alilia siku ile. Alinishika mkono.

Mimi nikahamia Manga.

Jioni ya kwanza Bosibori alinipeleka kwenye migomba mpaka kwenye kaburi la mwanawe. Hiyo si mila, hiyo ilikuwa yake mwenyewe. Akainama akang'oa majani yaliyoota, akasema, "Onchari, mke wako huyu. Usinilaumu." Kisha tukaenda kupika.

Nawaambia nilitaka kukimbia. Lakini pia nilimhurumia, na huruma ile ndiyo iliyonifanya nikae.

Kumbe sikuwa nimefikiria vizuri jambo moja. Watoto hawaokotwi shambani.

Bosibori alikuwa amelifikiria. Mume wake marehemu alikuwa na ndugu, naye marehemu pia, aliyeacha mvulana anaitwa Momanyi. Alikuwa binamu yake Onchari, ingawa kwetu hao ni ndugu tu. Alikuwa fundi wa kujenga, hajaoa, mtu mpole.

"Mtoto akitoka kwa damu ya hapa hapa, hata sura yake haitaleta maneno," Bosibori akaniambia. "Yeye atakuja, ataenda. Watoto watamwita baba mdogo. Nimeshaongea naye."

Nikamuuliza, "Na mimi nimeongea na nani?"

Akanitazama. Akasema, "Basi kaeni muongee. Mkikataana nitatafuta mwingine."

Momanyi alikuja kwanza kujenga, maana mke lazima awe na nyumba yake. Mabati, vyumba viwili. Siku anapanga ukuta akanigeukia akauliza, "Wewe unataka dirisha litazame wapi?"

Mtanicheka, lakini nilimwomba arudie. Katika mambo yote yaliyopangwa, ng'ombe, shamba, watoto, hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza mtu kuniuliza ninataka nini.

Nikamwambia litazame bondeni, kule chini ambako jua likiwa kali unaona ziwa linameta kwa mbali.

Akasema, "Upepo utakusumbua."

Nikamwambia, "Acha unisumbue."

Akacheka, akaliweka pale.

Sitaandika mengi hapa, humu kuna watoto wa watu. Niseme tu kwamba yule mtu alikuja kama alivyoambiwa aje, ila hakuwa anaondoka haraka kama alivyoambiwa aondoke. Alikuwa anakaa kwenye kigoda ananiangalia nikichambua mboga. Ananiletea sukari. Akisikia nakohoa anatafuta dawa. Mimi niliyesema sitaki mume, nikawa nasikia nyundo yake inagonga boma la jirani na moyo unaruka kama wa msichana wa shule.

Nilimpenda, wakuu. Nilimpenda vibaya. Hilo halikuwa kwenye mpango.

Mvulana wa kwanza akazaliwa mwaka wa tisini na tatu. Akapewa jina la babu yake, mume wa Bosibori: Ogeto. Wa pili alipozaliwa, Momanyi akaniomba kitu kimoja tu. Akaniomba mtoto apewe jina la baba yake yeye. Kwa kuwa yule naye alikuwa mzee wa ukoo, hakuna aliyeshangaa. Bosibori alinitazama kidogo, akakubali.

Kwa hiyo Momanyi alikuwa anamwita mwanawe "tata", yaani baba, kwa ajili ya jina. Na mwanawe anamwita yeye baba mdogo.

Watu wa kijiji walijua? Wengi walijua. Kwetu mambo kama hayo hujulikana na hayasemwi. Ukishayasema unaharibu.

Na kulikuwa na mtu aliyetaka yasemwe. Nyakundi, mvulana mkubwa wa mke wa kwanza.

Simchukii Nyakundi. Alikuwa na wavulana wengi, na shamba la kwao lilikuwa limegawanywa mpaka kila mmoja abaki na mahali pa viazi tu. Alikuwa anaangalia majani chai ya Bosibori upande wa pili wa ua, na anaona mwanamke aliyeletwa kutoka dukani akiyachuma. Ningekuwa yeye labda ningefanya hivyo hivyo.

Akapeleka shauri kwa chifu, Ogeto akiwa na umri wa miaka mitatu hivi.

Siku hiyo ofisi ilijaa. Wazee wa ukoo wamekaa kwenye mabenchi, Bosibori ameketi wima kama mti, mimi na watoto kando yake. Nyakundi akasimama akasema mila za zamani yeye hazipingi, ila hii ilikuwa udanganyifu. Akamnyooshea kidole Ogeto.

"Huyu mtoto ni Momanyi mpaka masikio. Na Momanyi huyo yuko hapa. Aulizwe mbele ya watu. Akisema ni wake, awapeleke kwa shamba la baba yake, na hili letu lirudi."

Chifu akamuita Momanyi asimame.

Nataka mwelewe kilichokuwa kwenye mizani. Shamba la baba yake Momanyi lilikuwa limeshaliwa na kaka zake wakubwa, yeye alibaki na kiwanja cha nyumba. Akisema "ni wangu", watoto wangu wanabaki bila hata pa kuzikwa, Bosibori anakufa bila nyumba, na mimi narudi Nyakoe kuwaeleza Ombati na Moraa kwa nini ng'ombe wanadaiwa.

Akisema "si wangu", basi.

Alisimama ameshika kofia. Na Ogeto, mtoto wa watu, alipomwona amesimama, akateleza mapajani mwa nyanya yake akaenda mbio akamshika suruali. Alikuwa amezoea kubebwa.

Momanyi akasema, "Chifu, mimi nilijenga nyumba. Ng'ombe zilitoka kwa zizi la mama huyu na wazee wote hapa walikula siku hiyo. Watoto ni wa ndugu yangu Onchari."

Wakati anasema hayo alikuwa anafungua vidole vya mtoto kwenye suruali yake, kimoja kimoja, taratibu. Kisha akamshika mkono akamrudisha kwa Bosibori, akakaa.

Wazee wakasema wamesikia. Shauri likaishia hapo. Nyakundi akatoka bila kuaga.

Bosibori alikuwa analia kwa furaha. Mimi pia nililia, na watu wakadhani ni furaha hiyo hiyo.

Siku chache baadaye Momanyi alinikuta nachuma chai. Akasimama mwanzo wa mstari, hakuingia.

"Twende Kericho," akasema. "Kuna kazi ya kujenga nyumba za wafanyakazi kwa mashamba makubwa. Shamba wachukue. Nimeweza kusema ile siku moja. Siwezi kusema maisha yangu yote."

Nikamwambia anipe muda.

Wakuu, mtu akisimulia hapa mnasema mara moja "fuata moyo wako". Moyo wangu ulikuwa umeshafika Kericho umepika na chai. Lakini nikiondoka, Bosibori anadai ng'ombe wake. Ombati hana, walikwenda kwa baba yake Moraa. Baba yake Moraa naye hana, amemwolea mwanawe. Moraa alikuwa na watoto wawili na wa tatu njiani. Ukivuta ng'ombe mmoja pale unaangusha nyumba tatu.

Na alikuwepo Bosibori mwenyewe. Huyu mama alinilea kuliko aliyenizaa. Nikijifungua ndiye aliyenikanda na kunipikia uji wa wimbi. Hakuwahi kuniinulia sauti.

Nilimwambia, maana sikuweza kumtoroka. Alikuwa anapepeta wimbi. Hakusimamisha ungo.

"Sikufungi," akasema. "Mlango ndio huo. Lakini ukienda na watoto, mwanangu atakuwa amekufa tena, na mara hii sitamwolea mke mwingine."

Sikwenda.

Nilimwambia Momanyi njiani, mchana kweupe, watu wakipita. Aliitikia kwa kichwa tu. Akauliza kama mabati yanavuja. Nikamwambia hayavuji.

Mwaka uliofuata mama yake alimtafutia mke, Kerubo, msichana mzuri wa kanisa. Mimi kama mke wa ndugu nilikuwa jikoni na wanawake wengine. Nilipika wali wa harusi yake. Wanangu walicheza mbele ya wageni, wakapewa soda. Mtu akinipita ananisifu kwa kazi nzuri.

Kuanzia hapo alikuwa ananisalimia kutoka barabarani. "Shemeji, habari ya huko." Nami najibu nzuri. Alikuwa anafanya haki kwa mke wake, sikumlaumu. Ila kuna siku nilikuwa naingia katikati ya majani chai na kuinama tu, nisionekane.

Kisha ikaja malaria.

Wale wa nyanda za juu mnakumbuka, miaka ile ilipopanda milimani kwetu baada ya mvua kuzidi. Watu wazima walikuwa wanaanguka kama watoto. Momanyi alitolewa kwenye boma alilokuwa anajenga akiwa anatetemeka, akapelekwa hospitali.

Nilienda kumwona mara moja, pamoja na wanawake wa kijiji. Kerubo alikuwa amekaa kitandani pake na mtoto mchanga wa kike. Wenzangu wakaomba, wakaimba kidogo. Mimi nilisimama upande wa miguu.

Alifungua macho akaniona. Akauliza kwa sauti ndogo, "Watoto wa Onchari hawajambo?"

Nikasema, "Hawajambo, shemeji."

Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Mbele ya mke wake na mbele ya watu, hata akiwa hajiwezi, alikuwa bado anawalindia shamba.

Alifariki siku mbili baadaye.

Mazishi yalikuwa kwenye kile kiwanja chake. Watu wengi, maana alikuwa amejengea kila mtu. Kerubo alikuwa ameshikwa huku na huku na mama zake. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye sufuria, nina leso kiunoni, nimesimama nyuma na wanangu.

Ikafika saa ya udongo. Mzee wa ukoo aliyekuwa anaongoza akasema kwa sauti, wote wasikie, "Ndugu yetu ametuacha. Ameacha mke na binti mdogo. Kwa bahati mbaya nyumba yake haina mtoto wa kiume."

Wakuu, wanawe wawili walikuwa wamesimama hapo, mmoja amenishika mkono wa kulia, mwingine wa kushoto.

Na Nyakundi alikuwa upande wa pili wa kaburi. Alinitazama moja kwa moja. Ningefungua mdomo nikasema neno moja, yeye ndiye angelishika.

Nilinyamaza.

Yule mzee akaangaza macho kwa watu. "Tunahitaji kijana wa kutupa udongo wa kwanza, asimame mahali pa mtoto." Macho yake yakafika kwetu. "Wewe Ogeto. Njoo umsaidie baba mdogo, maana hana mvulana."

Mpaka leo sijui kama yule mzee alijua.

Ogeto alikuwa na miaka sita. Aliniachia mkono akaenda. Akaonyeshwa, akachota udongo, akautupa. Alifanya vizuri, kwa heshima, kama anavyofundishwa mtoto.

Mzee akamgusa kichwa. "Asante, kijana. Sasa rudi kwa wenzako."

Akarudi.

Bosibori alikuwa kando yangu. Alimpangusa Ogeto udongo vidoleni. Na kutoka siku hiyo mpaka alipokufa yeye mwenyewe, miaka mingi baadaye, hakulitaja tena jina la Onchari mbele yangu. Alikuwa akitaka kusema "watoto wa Onchari" anasema "watoto wako".

Shamba tulipata. Title deed imetoka kwa majina ya wanangu. Wote wameoa, wana watoto, wanachuma chai pale. Kwenye makaratasi yote baba yao ni Onchari, na kila Desemba wanafyeka kaburi lake vizuri. La Momanyi linafyekwa na Kerubo.

Sasa kilichonifanya niandike leo.

Desemba iliyopita Kerubo alikuja kwangu. Hakuolewa tena. Yule binti yake ameolewa mbali. Alikaa, akanywa chai, akasema kaka za Momanyi wameanza kupima kile kiwanja kwa macho.

"Nataka kumwolea Momanyi mke," akasema. "Ili nyumba yake isifungwe. Wewe unajua mambo haya. Nisaidie kutafuta msichana mwenye tabia nzuri."

Niliweka kikombe chini. Nilifikiria huyo msichana, pengine yuko dukani mahali anakunja vitambaa, hajui.

Nikamwambia, "Msichana sitatafuta. Nyumba ya Momanyi ina wavulana wawili."

Nikamwambia yote. Sikulia, nilishachoka kulia. Nilidhani atanitukana, na ningempa haki yake.

Kerubo aligeukia mlangoni. Nje wajukuu zangu walikuwa wanafukuzana na kuku. Wajukuu zake pia, tuseme.

Kisha akaniuliza, "Siku ile ya mazishi mimi nilishikwa na watu. Wewe nani alikushika?"

Nikamwambia, "Mimi nilikuwa napika."

Hapo ndipo sisi wawili tulipolia.

Nilichojifunza? Sina maneno ya kupigia kura mila. Mila ile ilimpa kaka yangu nyumba, ikamtunza mama mzee, wanangu wana pa kusimama. Siwezi kuitukana nikiwa nimekaa kwenye shamba lake. Lakini dada yangu, kijana wangu, ukiingia ndoa ya mpango ya aina yoyote, iwe ya shamba au ya kwenda nje, usiulize tu utapata nini. Uliza siku mtu utakayempenda huko akifa, kama utaruhusiwa kumlilia mbele.

Wanangu bado hawajui. Kerubo amesema uamuzi ni wangu, yeye atanyamaza nikitaka anyamaze. Wanakuja wote Jumapili, na nimemwomba Kerubo aje pia akae nami. Nimeamua kuwaambia. Nachoogopa ni Ogeto, maana najua swali atakaloniuliza kwanza, na ni kuhusu ule udongo.

Kwa hiyo karibuni mchangie. Kama kuna mtu humu aliyeambiwa ukubwani baba yake ni nani, aniambie alitaka aambiwe vipi. Wengine mkitaka kunilaumu pia semeni, nina moyo wa kusoma.